Mirathi ya Wamirasi

Neno mirathi halihitaji kufafanuliwa kwa Mswahili. Mtu anapofariki ndugu hukaa kikao, mali ikahesabiwa, kila mrithi akapewa fungu lake, na pengine ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana. Neno hilohilo la Kiarabu lilifika Punjab, nchi ya mito mitano ambayo tangu mwaka 1947 imegawanyika kati ya India na Pakistan, na huko likawa jina la watu. Mirasi ni mwanamuziki wa kurithi. Baba yake aliimba, babu yake aliimba, na alichoachiwa si shamba wala ng'ombe, ni kumbukumbu za watu wengine. Anaijua nasaba ya ukoo anaoutumikia kuliko wenye ukoo wenyewe. Mtoto wa kiume akizaliwa, mirasi hufika mlangoni bila kuitwa, akaanza kuwataja mababu wa mtoto yule mmoja baada ya mwingine, kila jina na sifa yake, na nyumba nzima, pamoja na baba mtu, hunyamaza ikisikiliza, kwa kuwa hakuna wa kumsahihisha. Zamani ujira wake ulikuwa nafaka wakati wa mavuno, nguo, na zawadi za harusini.

Leo jina hilo ni tusi. Kijana wa ukoo wa wakulima wenye ardhi akisema anataka kuishi kwa kuimba, hakawii kuulizwa nyumbani kama anataka kuwa mirasi. Vichekesho vya Kipunjabi vimejaa mirasi mwenye maneno mengi na tumbo lenye njaa. Na wanaocheka ni walewale ambao harusi zao haziendi bila ngoma.

Nalianza jambo hili hapa kwa sababu naona mjadala wa muziki wa asili wa Punjab umeshikwa mahali pasipo. Kila ninapousoma nakuta kilio kilekile: vijana wameharibu, kompyuta zimeharibu, madijei wameharibu, nyimbo za bunduki na pombe zimeharibu. Sikatai kwamba ziko nyimbo za ovyo. Lakini muziki huu umezoea kubadilika karne na karne na haujawahi kufa kwa kubadilika. Kinachoudhoofisha ni dharau ya siku nyingi kwa watu wa aina mbili waliouhifadhi: wapigaji wa tabaka za chini, na wanawake.

Mtazame Mardana. Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Usikh, alizaliwa mwaka 1469, na katika safari zake ndefu za kuhubiri mwenzake wa njiani alikuwa Mardana, Mwislamu, mirasi wa kijiji kilekile. Mmoja aliimba, mwingine alipiga rababu, ala ya nyuzi. Masimulizi ya kale yanasema kwamba maneno ya wimbo yalipomjia, Nanak alimwambia Mardana apige rababu kwanza. Dini ambayo moyo wa ibada yake ni kuimba ilianza na vidole vya mtu wa jamii hiyo inayochekwa leo.

Kitabu kitakatifu cha Masikh, kilichokusanywa mwaka 1604, kina ushahidi mwingine ambao haunitoki akilini. Ndani yake mna vaar 22. Vaar kwa asili ni utenzi wa vita, ule ulioimbwa na malenga wa vijijini kuhusu mashujaa na watawala, waliogombania viti na mifugo, waliosalitiana na waliopatana. Maguru, yaani Nanak na viongozi wa dini waliomfuata, waliuchukua utungo huo wakautia maneno ya ibada. Juu ya vaar 9 kati ya hizo pameandikwa agizo fupi: hii iimbwe kwa mahadhi ya utenzi wa fulani. Yaani mwandishi alikuwa na hakika kwamba kila mtu anaujua utenzi huo wa barazani, na hakuona ubaya jina lake likikaa juu ya maandiko matakatifu. Tenzi zenyewe kwa sehemu kubwa zimepotea, vimebaki vipande. Agizo limebaki pale kama anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Halafu ukaja mwaka 1947. Mpaka ulichorwa, na zaidi ya watu milioni 10 wakahama kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa treni, wengi wakiuawa njiani. Masikh na Wahindu walikwenda mashariki, Waislamu magharibi. Wamirasi walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa, hivyo vijiji vya upande wa India vikaamka siku moja vikiwa havina mtu wa kutaja nasaba zao. Yako majeraha mengi ya mwaka ule ambayo yameandikwa vitabu. Hili la kijiji kupoteza kumbukumbu yake kwa wiki moja halijaandikwa vya kutosha. Wako pia warababi, warithi wa kazi ya Mardana, ambao kwa vizazi waliimba nyimbo za Maguru katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar wakiwa Waislamu. Walivuka mpaka na ala zao, wakakuta upande wa pili waliokuwa wakizisikiliza nyimbo zile wamekwisha kuondoka. Kutoka Amritsar mpaka Lahore ni kama kilomita 50 tu. Mtu alipoteza kazi ya ukoo wa miaka mia kadhaa kwa mwendo wa kilomita 50.

Wapunjabi wenyewe walijua wa kumlilia. Mwaka huohuo mshairi Amrita Pritam, aliyekuwa amehama Lahore, hakumwita mfalme wala mwanasiasa katika shairi lake la maombolezo. Alimwita Waris Shah aamke aseme kutoka kaburini. Waris Shah ndiye aliyetunga mwaka 1766 kisa cha Heer na Ranjha kinachopendwa kuliko vyote, na Wapunjabi nao hukiita kisa, kama sisi. Ni habari ya kijana mpiga filimbi anayechunga nyati wa baba wa binti anayempenda, miaka kumi na miwili, kisha binti anaozwa kwingine na mwishowe anapewa sumu na watu wake mwenyewe. Wazee wasiojua kusoma walikiimba chini ya miti kwa mahadhi yake maalumu, mamia ya beti, bila karatasi. Amrita Pritam alimwambia Waris Shah kwamba binti mmoja wa Punjab alipolia, yeye Waris alimwandikia kitabu kizima, na sasa wanalia malaki. Msiba wa mamilioni ukapata sauti kwa kupitia kisa ambacho kila mtu alikuwa amekisikia kikiimbwa. Hiyo ndiyo kazi ya muziki wa asili ninayoizungumza, na ndiyo sababu siwezi kuuita burudani tu.

Lile pengo la wamirasi lilizibwa na kitu kingine, na hapa historia inawashangaza wengi. Bhangra, ambayo dunia inaijua kama ngoma ya Punjab yote tangu zama za kale, ilikuwa ngoma ya wakulima wa wilaya chache za kaskazini-magharibi, kama Sialkot na Gujranwala, ambazo sasa ziko Pakistan. Ilichezwa msimu wa ngano ukielekea Vaisakhi, sikukuu ya mavuno ya katikati ya Aprili. Wakimbizi waliibeba. Mapema miaka ya 1950 vijana wa jimbo la PEPSU, jimbo lililodumu miaka minane tu, akiwamo Manohar Deepak na nduguze, waliiunganisha na hatua za ngoma nyingine, wakaipangia mavazi, na Januari 1954 wakaicheza Delhi kwenye gwaride la Siku ya Jamhuri. Aliyewapigia ni Bhana Ram, mtu wa jamii ya Bazigar, wanasarakasi wa kutangatanga. Kutoka hapo bhangra ikaenda kwenye filamu, vyuoni, kisha Uingereza na Kanada. Sioni ubaya wowote. Watu waliofukuzwa makwao walitengeneza ngoma ya kusimama nayo tena, na wakaifanya kwa ustadi mkubwa.

Ninachouliza ni yuko wapi mpiga dhol. Dhol ni pipa la mbao lililowambwa ngozi pande mbili, linaning'inia kwa mshipi begani, na mpigaji husimama nalo saa nzima. Upande mmoja hupigwa kwa dagga, fimbo nene iliyopinda kama mkongojo, inayotoa ule mngurumo wa chini unaosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Upande wa pili hupigwa kwa tilli, fito nyembamba inayotafuna mdundo kwa vipande vidogovidogo. Mikono miwili inasema lugha mbili, na mchezaji anayeruka mbele anaruka pale tu mpigaji anapompa ruhusa. Zitazame picha za timu za bhangra uone. Wachezaji wamejipanga mbele na vilemba vya rangi, wana majina, wana vikombe vya ushindi. Mpigaji yuko pembeni na mara nyingi kwenye maelezo ya picha hatajwi. Wachezaji wengi ni watoto wa wenye ardhi, mpigaji ametoka jamii ya chini. Ngoma ikiisha, wanakula sehemu tofauti.

Upande wa Pakistan nako dharau ipo, ila pako mahali inapovunjika. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi usiku, kwenye kaburi la walii Shah Jamal mjini Lahore, Pappu Sain alipiga dhol hadi usiku wa manane, na watu wakacheza mpaka wakasahau majina yao. Alifariki mwaka 2021. Pale alikuwapo pia Gonga Sain, kiziwi, anayepiga kwa kuisikia mitetemo mwilini. Pale, mbele ya walii, mpigaji ndiye mwenye heshima ya kwanza na tajiri hukaa chini kwenye vumbi. Kwa hiyo hakuna aniambie kwamba dharau ile ni mila isiyoweza kubadilika.

Ghala la pili liko kwa wanawake, na mimi naliona kubwa zaidi. Harusi ya Kipunjabi ina nyimbo zake kwa kila hatua. Nyumbani kwa bwana harusi huimbwa ghori, nyimbo za kumsifu akipanda farasi. Wageni wake wakishakaa kula, wanawake wa upande wa bibi huwapokea kwa sithni, nyimbo za matusi: baba wa bwana harusi anaambiwa mlafi, shangazi zake wanazushiwa mambo, tumbo la mjomba linalinganishwa na gunia. Mswahili aliyekulia kwenye mipasho ataelewa mara moja, na ataelewa pia sharti lake kwamba anayekasirika ndiye ameshindwa. Mwaka mzima familia ya binti huinamisha kichwa mbele ya wakwe. Siku hiyo moja wanawake wake hulipa. Wanamageuzi wa dini wa mwishoni mwa karne ya 19, wa Kisikh na wa Kihindu, waliziandama nyimbo hizi wakisema zinawavunjia wanawake heshima. Hawakuwauliza wanawake kama ndivyo.

Usiku wa kuamkia harusi kuna jago, maana yake amka. Mkaza mjomba wa anayeoa au anayeolewa hubeba kichwani mtungi wa shaba uliozungushiwa taa ndogo za unga wa ngano uliofinyangwa, kila taa na utambi wake na mafuta yake. Anatembea polepole, shingo imenyooka, moto unacheza juu ya kichwa chake, na kando yake mwanamke mwingine anatikisa fimbo ndefu yenye njuga. Wanazunguka kijiji kizima wakiimba, wakibisha milango, na wakikuta mtu amelala uani juu ya kitanda cha kamba wanampindua nacho. Wenye nyumba huzitilia taa mafuta. Hakuna jukwaa wala tiketi katika jambo hilo, na hakuna wa kutazama tu, maana aliyekuwa amelala kapinduliwa.

Nyumbani kwa bibi harusi huimbwa suhag, nyimbo za binti kwa baba yake, na hapa mirathi inarudi. Kwa mila za wakulima wa Punjab ardhi ilikwenda kwa watoto wa kiume. Binti alipewa vitu vya kuondokea. Ndani ya suhag binti anajifananisha na shomoro wa uani kwa baba, ambao siku moja wataruka waende mbali, na ukisikiliza vizuri utasikia anauliza: hizi kuta nilizokulia ni za nani? Mbele ya watu wazima wote hakuwa na njia nyingine ya kuliuliza. Angelisema angeambiwa hana adabu. Akiliimba, baba analia na wajomba wanalia, na keshoye anaondoka. Sisemi nyimbo zile zilibadilisha sheria. Nasema ziliweka kumbukumbu ya dai lake, kizazi kwa kizazi, mpaka alipopatikana wa kulisikia.

Waliozitoa nyimbo hizi uani wakazipeleka redioni na kwenye santuri wanastahili kutajwa. Surinder Kaur, aliyezaliwa Lahore mwaka 1929, alianza kuimba redio ya Lahore mwaka 1943 akiwa msichana, na yeye na dada yake Prakash Kaur wakarekodi nyimbo ambazo hadi siku hiyo zilikuwa hazina mwimbaji wa jina, kwa kuwa kila mwanamke alikuwa mwimbaji wake. Baadaye akaja Gurmeet Bawa, aliyeishi kati ya 1944 na 2021. Alijulikana kwa hek, ile sauti ndefu ya kufungulia wimbo kwa pumzi moja. Yeye aliishikilia kama sekunde 45. Jaribu mwenyewe, hata bila wimbo. Nyuma yake zilipigwa algoza, filimbi mbili zinazopulizwa kwa mpigo mmoja na mtu mmoja ambaye hukuona akivuta pumzi.

Lakini moyo wa ghala hilo ni boli. Ni ubeti mfupi unaotupwa katikati ya duara la wanawake wanaopiga makofi, na anayeujua au anayeutunga papo hapo huingia, wenzake wakaupokea mstari wa mwisho na ngoma ya giddha ikalipuka. Uko mwanzo mmoja unaojulikana na kila Mpunjabi: alikwenda kuchuma miaka kumi na miwili, akachuma akaleta... Hapo kila mtu anatia anachotaka, kitambaa, saa, kioo, mradi mstari unaofuata upatane nacho kwa vina, na usumbufu wa mume au ukali wa mama mkwe ukapata nafasi ya kusemwa. Nimeupenda mwanzo huo tangu utotoni. Miaka kumi na miwili ya kuchuma! Ni wimbo wa watu ambao wanaume wao walikuwa jeshini na ng'ambo kiasi kwamba kuondoka kwao kuligeuka kiitikio.

Baadhi yao walikuja kwetu. Kati ya 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab, waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Karibu 2,500 walikufa. Wengi walirudi makwao mikataba ilipokwisha, elfu kadhaa wakabaki, na wengine wakafuata baadaye wakiwa mafundi seremala, waashi na makanika. Sisi tukawaita Kalasinga, na msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa anajua kwamba Makindu, kwenye hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, atakula bure bila kuulizwa dini yake. Reli ilikuwa ya wanaume. Jago na suhag zilikuja baadaye, na wake zao.

Nilikulia Nairobi, Pangani, ukuta mmoja na familia ya Kisikh. Harusi ya binti yao wa kwanza mama yangu alialikwa usiku wa wanawake nami nikashikilia nguo yake. Walikaa chini kwenye shuka nyeupe. Dholki, ngoma ndogo ya pande mbili, ilikuwa imelazwa chini ya goti la mama mmoja, naye alipiga ngozi kwa viganja. Mbele yake alikaa mwingine na kijiko cha chuma, akigonga ubao wa ngoma ileile katikati. Mlio ule wa kijiko, mkavu, wa haraka, ndio niliokuja kuutafuta katika kila rekodi niliyosikia baadaye, na sijaupata. Bibi wa nyumba, wote tukimwita Biji, akatupa boli. Alikwenda kuchuma miaka kumi na miwili, akachuma akaleta sufuria. Alisema sufuria kwa Kiswahili, kama walivyozoea kusema jikoni kwao, akaitafutia kina kwa Kipunjabi, akamnyooshea mama yangu kidole, na chumba kizima kikacheka hadi wengine wakalala chini. Mama hakuelewa mstari wa pili. Alisimama akacheza.

Siku ile sikujua, lakini nilikuwa naangalia muziki ukifanya kazi yake hasa. Wimbo wa miaka mingi ulifungua mlango, ukalitia ndani neno la Kiswahili na jirani wa dini nyingine, ukafunga. Hakuna aliyesema asili imeharibiwa.

Njia hiyohiyo ilikwenda London. Wapunjabi wengi wa Afrika Mashariki walihamia Uingereza miaka ya 1960 na 1970, na katika mitaa kama Southall muziki wa harusi ukakutana na gitaa na kinanda. Kuljit Bhamra, mmoja wa watayarishaji wakubwa wa bhangra ya Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959. Alianza kupiga ngoma za tabla utotoni akimsindikiza mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, ambaye alikuwa akiimba kwenye harusi. Mwanzo wa yote ni mama anayeimba harusini.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa muziki wa Punjab haujawahi kuwa na nguvu kama leo. Mwaka 2001 tumbi, ala ya uzi mmoja iliyovumishwa na mwimbaji Lal Chand Yamla Jatt, ilisikika duniani kote ndani ya wimbo wa Missy Elliott, msanii wa Marekani. Mwaka 2023 mwimbaji Diljit Dosanjh aliimba kwa Kipunjabi kwenye jukwaa la tamasha la Coachella, Marekani. Ni kweli, na nilifurahi kama wengine. Hata tumbi yenyewe inanisaidia hoja, maana sura yake ya leo ni ya karne ya 20. Yamla Jatt hakuogopa kitu kipya. Lakini umaarufu wa jukwaani unapimwa kwa wangapi wanasikiliza. Muziki wa asili unapimwa kwa wangapi wanaweza kupokea zamu yao. Watu laki moja wanaweza kuusikia wimbo mmoja na asiwepo hata mmoja kati yao anayeweza kuongeza ubeti.

Na zamu hiyo haijafa. Wakulima wa Punjab walipopiga kambi kwenye mipaka ya Delhi, Singhu na Tikri, kuanzia Novemba 2020 kwa zaidi ya mwaka mmoja wakipinga sheria tatu za kilimo, madhadi, malenga wa tenzi za vita, walisimama na sarangi, ala ya nyuzi, na ngoma zao ndogo wakaimba vaar kama walivyoimba mababu zao tangu karne ya 17, na wanawake wakatunga boli za kuwasema mawaziri. Sheria zilifutwa. Sidai zilifutwa kwa boli, lakini sioni watu wangekaaje barabarani majira yote ya baridi bila kitu cha kuimba usiku.

Kwa hiyo tuache kuwafokea vijana. Mpiga dhol atajwe jina kwenye picha, kwenye rekodi na kwenye kadi ya harusi, alipwe ada ya msanii na akae meza moja na wageni. Wimbo ukiandikwa kwamba ni wa jadi, mwenye kurekodi aseme aliusikia kwa nani, maana neno jadi limekuwa njia ya kumla mwenye kazi bila kumlipa. Shule za Jumamosi kwenye mahekalu ya Nairobi, Leicester na Vancouver zinafundisha watoto nyimbo za ibada, na zinafanya vizuri. Zifundishe pia suhag na boli, na waitwe bibi zao kuwa walimu wakiwa hai. Na dijei anayekuja saa moja jioni aje saa tatu. Saa mbili hizo zinatosha.

Miaka michache iliyopita nilikwenda harusi ya mjukuu wa nyumba ileile ya Pangani. Ilikuwa ukumbini, spika zenye urefu wa mtu, wasichana wamejifunza hatua kwa video na wamezicheza vizuri sana. Biji alikwishafariki. Nilimwuliza mmoja wa wajukuu zake kama anakumbuka ile ya sufuria. Hakuikumbuka, ila alikuwa na kitu kwenye simu. Kabla Biji hajafa alimrekodi jikoni, dakika tisa, na kati ya nyimbo unasikia chungu cha presha kikipiga mluzi na Biji akinyamaza kukipisha. Maneno mengine mjukuu hakuyaelewa. Akaitia rekodi kwenye kundi la familia la WhatsApp akiomba msaada. Shangazi wa Leicester akaandika maneno anavyoyajua yeye. Shangazi wa Jalandhar akasema hapana, nyumbani kwao hayakuwa hivyo, akajirekodi akiimba ya kwake. Yule wa Leicester naye akajirekodi. Akaingia mkaza mjomba mmoja wa Nakuru ambaye hakuwa ameandika neno katika kundi lile kwa mwaka mzima, akaleta ubeti ambao hakuna mwingine aliyewahi kuusikia. Nilipoulizia wiki iliyopita niliambiwa bado wanabishana mstari wa tatu.